Urefu Usiofupika

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingia katika maduka ya watu na kuwaambia kwamba fimbo zao zinasema uongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, nimeajiriwa msaidizi katika ofisi ya vipimo. Nchi ilikuwa imeamua kuachana na wari na ratili, tupime kwa mita na kilo kama walimwengu wengi. Sheria ilipita haraka kuliko mikono ya watu. Kariakoo nzima walikuwa bado wanapima kwa mazoea, na sisi ndio tuliotumwa kuyavunja mazoea hayo, duka baada ya duka.

Tulikaa Gerezani, mimi na Baba, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita. Mama alifariki tukiwa bado Masasi, na Baba akanileta Dar es Salaam nikiwa mdogo, akapata kazi ya kupakua meli bandarini. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kuitia watu wakiwa ndani ya tumbo la meli, kwa hiyo hata akiomba chumvi mezani jirani walisikia. Hakusoma. Alijivunia kazi yangu kwa sababu aliamini kwamba mtu anayekagua mizani ni aina fulani ya hakimu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mzee wa Kilimanjaro, mwembamba, mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi na maneno machache. Tulitembea pamoja, yeye mbele na mimi nyuma, nimebeba kisanduku cha mninga. Ndani yake, juu ya kitambaa cha kijani, ililala mita ya shaba, na fimbo zote za kupimia za sokoni zililinganishwa na hiyo. Fimbo iliyokuwa sawa tuliigonga muhuri. Fimbo fupi tuliivunja mbele ya mwenyewe.

Si wote walioipenda kazi yetu. Mama mmoja aliyeuza kanga Mtaa wa Kongo alinibishia asubuhi nzima kwamba mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, haujawahi kumdhulumu mtu. Nikamwambia mkono wake ni mrefu, na binti yake anapouza badala yake mteja anapunjwa. Akanyoosha mkono, akaita binti yake naye anyooshe, wakalinganisha. Akaniletea kiti. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki.

Jambo lililonibadilisha lilitokea mwezi wa Februari, jua limewaka mpaka bati zinalia. Niliitoa mita ya shaba kisandukuni, nikaiweka juu ya meza iliyokuwa nje ya duka. Mkuu wangu akaichukua kwa leso, akairudisha ndani bila neno. Tulipofika kivulini akanieleza kwamba shaba hupanuka kwa joto. Nyuzi kumi zikiongezeka, mita ile hurefuka kiasi cha unene wa unywele mmoja au nywele mbili. Hilo ni dogo, alisema, lakini mita ya serikali haina ruhusa ya kuwa na udogo kama huo.

Nilikosa raha. Nilikuwa nimevunja fimbo za watu kwa kuamini kwamba kile kilichomo kisandukuni hakibadiliki. Nikamwuliza ni kitu gani basi duniani ambacho urefu wake hautikisiki. Alifikiri kidogo, akasema siku hizi wataalamu huko ng'ambo wameacha kutegemea chuma na shaba, wanaipima mita yenyewe kwa mawimbi ya mwanga. Zaidi ya hapo hakujua. Aliniambia hivyo waziwazi, na nilimheshimu zaidi kwa kukiri.

Wiki chache baadaye ndiye aliyeniletea habari ya mhadhara. Zilikuwa siku za kisomo. Kila mahali watu wazima walikuwa wakifundishwa kusoma, na baadhi ya wasomi wa chuo kikuu, pale Mlimani, walikuwa wamejitolea kushuka mjini kueleza sayansi kwa Kiswahili. Jumamosi moja mchana, baada ya ofisi kufungwa, mhadhiri kijana wa fizikia angezungumza katika ukumbi karibu na Mnazi Mmoja kuhusu mwanga, mwendo na urefu. Mkuu wangu alikuwa amelinakili tangazo lile kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko wake mzuri, akalikunja mara nne, akanipa kama barua ya siri.

Ukumbi ulijaa. Mhadhiri alikuwa na miwani mizito na shati la kitenge, akazungumza kwa Kiswahili kizuri, mara moja moja akisita kutafuta neno. Alisema mwanga una mwendo mmoja tu kwa kila anayeupima, aliyesimama na anayekimbia. Ukiufukuza kwa gari moshi, hupunguzi hata chembe ya mwendo wake. Ili jambo hilo liwe kweli, alisema, lazima vitu vingine vikubali kubadilika, na kimojawapo ni urefu. Akaandika kanuni ubaoni. Fimbo ya mita ikikupita kwa mwendo wa sehemu sita kati ya kumi ya mwendo wa mwanga, wewe uliyesimama utaipima sentimita themanini. Ikikupita kwa sehemu nane kati ya kumi, utaipima sitini. Na fimbo haina kosa lolote. Anayesafiri nayo anaiona mita kamili.

Niliinakili kanuni ile daftarini. Maisha yangu ya kazi yote yalikuwa katika mstari ule mmoja.

Akaeleza pia kwamba mwendo haujumlishwi kama tulivyozoea. Ukiwa ndani ya chombo chenye kasi kubwa na ukarusha kitu mbele kwa kasi kubwa, jumla yake inazidi kupungukiwa kadiri unavyoukaribia mwendo wa mwanga, na kamwe huupiti.

Mwishoni, karibu kama mtu anayeaga, aligusia jambo ambalo halijakamilika. Wataalamu, alisema, wana elimu mbili nzuri ambazo hazijaoana: elimu ya uvutano, inayoongoza sayari, na elimu ya vitu vidogo kuliko atomu. Wakijaribu kuzioanisha, wengine wanapata dalili kwamba upo urefu mdogo kuliko wote. Kukiona kitu kidogo sana unahitaji mwanga wenye nguvu nyingi sana, na nguvu nyingi ikirundikwa mahali padogo mno, uvutano wake unajifunga hata mwanga hautoki. Kwa hiyo kuna kikomo ambacho chini yake hupimi tena. Akauandika kwa mita: sufuri, nukta, kisha sufuri nyingine thelathini na nne, ndipo tarakimu ikaanza. Watu wakacheka kwa mshangao.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kabla ya kujua nitasema nini.

Nilisimama na kujitambulisha kwamba natoka ofisi ya vipimo. Nikauliza hivi: "Umesema kila urefu unaonipita kwa kasi naupima mfupi zaidi. Na umesema upo urefu ambao hakuna mfupi zaidi ya huo. Je, huo nao ukinipita kwa kasi, nitaupima vipi?"

Mtu mmoja nyuma akasema dada wa mizani anataka kwenda kuugonga muhuri, na ukumbi ukaangua kicheko. Mhadhiri naye alicheka, nadhani kwa uchovu kuliko ubaya. Akajibu kwamba urefu mdogo kiasi hicho hauwezi kumsumbua mtu wa sokoni, akachukua swali lingine. Nilikaa. Masikio yalikuwa yakiwaka moto. Nilitoka kabla ya makofi, nikatembea mpaka nyumbani nikiwa nimekumbatia daftari kifuani kama mtu aliyeiba.

Baba alitaka kujua nani amenicheka na anafanya kazi wapi. Nikamwambia ukumbi mzima. Akasema basi hao ni wengi, hata yeye hawawezi.

Lakini swali halikutaka kuondoka. Jumatatu nikiwa kazini nililifikiri, na Jumanne, na kila nilipopata nafasi nilikaa nyuma ya ofisi na kufanya hesabu. Nikaweka kwenye kanuni yake mita, nikapata jibu. Nikaweka sentimita, kisha unene wa unywele, kisha ile tarakimu yenye sufuri zake zote. Kanuni haikujali ukubwa. Kilichoingia kilitoka kifupi kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo nililoliuliza halikuwa upuuzi. Kanuni ikiwa kweli mpaka mwisho, basi hakuna urefu mdogo kuliko wote, maana mpita njia yeyote mwenye kasi atapima mdogo zaidi. Na kama urefu huo upo, basi kanuni haiwezi kuwa ileile mpaka mwisho.

Nilipofika hapo nilihisi kitu ambacho sijui kukieleza vizuri hata leo. Nilikuwa peke yangu na karatasi, katika ofisi yenye harufu ya gundi na mihuri, na nilijua kwamba niko sahihi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilijua.

Nikaandika barua kwa mhadhiri, kurasa mbili, hesabu zangu zimepangwa safi. Nilimwonyesha mkuu wangu ili anisahihishie lugha ya adabu. Aliisoma taratibu, akaisoma tena. Akasema hesabu hazimo katika uwezo wake, lakini mtiririko wake ni kama wa ripoti nzuri ya ukaguzi: kilichodaiwa, kilichopimwa, tofauti iliyoonekana. "Ipeleke, binti," akasema. "Tofauti ikionekana huandikwa."

Wiki tatu zikapita. Siku niliyokuwa nimekata tamaa kabisa nilikuwa dukani kwa yule mama wa kanga, nimepiga goti nalinganisha fimbo mpya, nikasikia mtu anabisha hodi. Ni mhadhiri, ametokwa na jasho, barua yangu mkononi. Alikuwa ameulizia ofisini, wakamwambia niko sokoni, akaanza kunitafuta mtaa kwa mtaa.

Alisalimia wote kwanza, akamwamkia mama shikamoo. Kisha akanigeukia.

"Ndugu, siku ile nilikujibu vibaya," alisema. "Nilikujibu hivyo kwa sababu sikuwa na jibu."

Akaeleza kwamba barua yangu aliipuuza siku mbili, siku ya tatu ikamkosesha usingizi. Akaipeleka kwa wenzake. Mmoja alisema jibu ni rahisi, akaanza kuliandika ubaoni, akaishia kufuta. Wachache ng'ambo walikuwa wameligusa jambo hilo miaka ya nyuma kwa njia zao ngumu, lakini lilikuwa limeachwa pembeni. Idara yao ilikuwa na mgeni wakati huo, profesa mwanamke kutoka Ulaya Mashariki, na mgeni huyo alipotafsiriwa barua aliuliza mwandishi wake anafundisha wapi.

Mama wa kanga, ambaye alikuwa amesikia kila neno na hakuelewa hata moja, akauliza kama mimi ndiye niliyeshinda. Mhadhiri akasema ndiyo, mama, ameshinda. Akaniomba nipande Mlimani Alhamisi nikalieleze swali langu mbele yao.

Nilikwenda na mkuu wangu. Aliomba ruhusa rasmi kwa ajili yetu sote wawili na kuiandika kuwa kazi ya ofisi, jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa halali kabisa. Walikuwa watu kama kumi na wawili katika chumba chenye ubao mrefu. Nilisema mapema kwamba Kiingereza changu ni cha kusoma tu, nitazungumza Kiswahili, na mhadhiri akakubali kutafsiri.

Nilieleza kama nilivyozoea kueleza dukani, kwa upole na bila kuruka hatua. Nilipomaliza, profesa mgeni, mama wa makamo mwenye mvi fupi, akasema mbele yangu zipo njia mbili. Ama nikubali kwamba urefu mdogo kuliko wote haupo, ama nikubali kwamba yupo mtu mmoja anayepima kwa haki na wengine wote wamekosea, na urefu huo ni mdogo kuliko wote kwake yeye tu. Njia ya pili, alisema, inavunja kabisa nadharia ya mwendo, maana msingi wake ni kwamba hakuna mpimaji mwenye upendeleo. Ningechagua ipi?

Nilikuwa nimelala na swali hilo wiki nyingi. Nikasema sitaki kuchagua.

Mhadhiri alinitazama kabla ya kutafsiri. Nikaendelea. Nilisema, katika mhadhara tuliambiwa kwamba kuna kitu kimoja ambacho wapimaji wote wanakubaliana, nacho ni mwendo wa mwanga. Kwa ajili ya kukilinda hicho kimoja tulikubali mwendo usijumlishwe kwa kawaida. Ukiwa mbali na mwendo wa mwanga, hesabu ya zamani inafaa. Ukiukaribia, hesabu inazidi kulegea, kwa sababu pale ndipo dari ilipo. Hakuna mpimaji aliyependelewa, na dari ni moja kwa wote. Sasa kwa nini vitu vya kukubaliana visiwe viwili? Mwendo mmoja na urefu mmoja. Kanuni ya kufupika ibaki kama ilivyo kwa mita, kwa unywele, kwa atomu, halafu ianze kulegea inapoukaribia ule urefu wa mwisho, usifupike tena kwa mtu yeyote. Dari moja juu, sakafu moja chini, na wapimaji wote wako sawa.

Nikaongeza kwamba sisi katika ofisi ya vipimo tunatunza mita na tunatunza kilo, na hatujaona kwamba kutunza viwili kunamdhulumu mtu.

Mhadhiri alitafsiri, tena polepole. Profesa alisimama, akaenda ubaoni, akaandika kanuni ya zamani upande wa kushoto na kuacha upande wa kulia mtupu. Akaanza kujadiliana na wenzake kwa Kiingereza cha haraka. Nilielewa neno hapa na neno pale. Mmoja alisema haiwezekani, kanuni kama hiyo ingeharibu namna ya kujumlisha nguvu za vitu vinapogongana. Mwingine akasema itabadilisha, lakini kubadilisha na kuharibu ni mambo mawili. Wakagombana kwa furaha, chaki mikononi, saa nzima na zaidi. Mkuu wangu aliniinamia akaniuliza kama nimewaudhi. Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyofanya wakipata kazi.

Hawakulimaliza siku ile. Hesabu ya upande wa kulia ilihitaji elimu ambayo sikuwa nayo, na wao walikuwa na mitihani ya kusahihisha. Lakini wakati wa kuagana profesa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia mhadhiri maneno ambayo alinitafsiria pale pale: "Mwambie swali hili litakuwapo sisi tukiwa hatupo. Mwambie asikubali mtu mwingine alisomee badala yake."

Zama zile watu waliokuwa makazini waliweza kuombewa nafasi ya chuo na sehemu zao za kazi, ilimradi tawi la chama liridhie. Mkuu wangu aliandika pendekezo. Kwenye kikao cha tawi mjumbe mmoja, mtu mwema kwa kawaida, aliuliza kitu kisichoonekana kwa darubini yoyote kitalijenga vipi taifa. Nilikuwa nimetayarisha majibu, nikayasahau yote. Mkuu wangu ndiye aliyesimama. Alisema taifa linalonunua kwa mita iliyopimwa na wengine linaamini neno la wengine, na huenda siku moja ikafaa tuwe na mtu wetu pale mita inapoanzia. Hakusema zaidi. Wakapiga kura kwa mikono, na hakuna mkono uliobaki chini.

Nilisoma miaka mitatu, nikabaki kufundisha. Upande wa kulia wa ubao sikuujaza mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuota mvi wakati wataalamu wa nchi nyingine walipoandika kanuni zenye mambo mawili yasiyobadilika, mwendo na kipimo cha udogo, na kuanza kuchunguza mwanga unaotoka katika milipuko ya mbali sana angani, kama miali yenye nguvu zaidi huchelewa kidogo kufika. Jibu bado halijapatikana. Nilizisoma kurasa zile nikiwa nimesimama maktabani, na sikuona wivu hata kidogo. Niliona kama mtu anayewakuta wageni wamefika kwenye mtaa aliozaliwa, wanauliza njia.

Lakini furaha yangu kubwa kuliko zote ilikuwa siku barua ya chuo ilipofika. Baba alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Nilimsomea mara mbili. Kisha akataka nimweleze hasa ninakwenda kusomea nini, nikamweleza kadiri nilivyoweza kwamba kila kitu kinachokwenda mbio hufupika, lakini huenda kipo kimoja kidogo sana kinachokataa.

Alifikiri, akavaa viatu vyake tena, akatoka. Alianza na wapangaji wetu, akaenda nyumba ya pili, akavuka barabara mpaka kwa wauza mkaa, na kwa sauti ile ya melini mtaa mzima ukasikia kwamba binti yake anakwenda Mlimani kwa sababu amegundua kitu kidogo ambacho hata serikali haiwezi kukifupisha. Wanawake walitoka uani wakipiga vigelegele. Nilisimama mlangoni na barua mkononi. Fizikia yake ilikuwa na makosa karibu kila sentensi, na sikusahihisha hata moja.